Joto lisilouzwa dukani

Mwaka wa 2016, neno la Kidenmaki "hygge" lilivuma katika Kiingereza, na mara wafanyabiashara wakaligeuza kuwa mishumaa, mablanketi na soksi za sufu. Kwa maoni yangu, waliuza ganda wakaacha kiini.

Watu wa Norway, ambao kwao hali hiyo huitwa "koselig", hupenda kwenda milimani mwishoni mwa juma na kukoka moto katika kibanda cha mbao, theluji ikianguka nje. Lakini tuangalie kinachowezesha starehe hiyo. Chama chao cha utalii, kilichoasisiwa mwaka wa 1868, kina vibanda zaidi ya 500, na vingi havina mhudumu. Mgeni hufungua kwa ufunguo wa chama, hupika chakula alichokikuta kabatini, humpasulia kuni atakayemfuata, kisha hulipa pasipo kusimamiwa na yeyote. Aidha, sheria ya mwaka wa 1957 humruhusu kila mtu kupita katika nyika isiyolimwa, hata ikiwa ina mwenyewe.

Waama, joto la kibanda hicho halitokani na mshumaa bali na kuaminiana. Sisi tunaopenda kuazima maneno ya wenzetu tujiulize: je, tukiuacha mlango vivyo hivyo, kuni zitakutwa?