Daftari Lifunguliwe Kwanza

Mkulima wa parachichi wa Rungwe na mpasua mbao wa Mufindi wanaifahamu vema desturi ya vikoba: fedha huhesabiwa mbele ya wote, na daftari hufunguliwa kila mwanachama aone. Hakuna anayekubali kuambiwa, "Daftari lipo, lakini msilitazame." Mbona basi twalikubali neno hilo hilo baada ya mavuno, anapokuja mtu kutuuzia sarafu za kidijitali kwa fedha iliyokuwa ya mbolea na ada ya watoto?

Sarafu hizo, ziitwazo tokeni, huandikwa katika daftari la hadhara liitwalo blokicheni. Mwenye simu ya intaneti aweza kulisoma bure kwa kupitia tovuti za uchunguzi, kama Etherscan, iliyoanzishwa mwaka 2015 kwa ajili ya mtandao wa Ethereum. Jina la tokeni halitoshi, kwa kuwa yeyote aweza kutengeneza tokeni na kuipa jina la nyingine yenye sifa. Kinachotakiwa ni anwani ya mkataba wake: katika Ethereum, herufi na tarakimu 42 zinazoanza na 0x. Anwani hiyo ikiandikwa mahali pa kutafutia, huonekana jumla ya tokeni zilizotolewa, idadi ya anwani zinazozimiliki, na jinsi zilivyohama kutoka mkono hadi mkono. Ikiwa anwani moja, isiyoelezwa ni ya nani, imeshika karibu zote, tujue kwamba siku mwenyewe atakapoziuza, bei itaanguka na wengine watabaki na namba tupu.

Je, ikiwa muuzaji hana anwani ya kutoa? Hapo OneCoin itufundishe. Ilianzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova, ikauzwa hata kwa jirani zetu wa Uganda, kumbe haikuwa na blokicheni ya kweli ya kuchunguzwa na watu. Bei yake ilipangwa na wenye kampuni. Ignatova alitoweka mwaka 2017; mwenzake, Karl Greenwood, alihukumiwa nchini Marekani mwaka 2023 kifungo cha miaka 20. Nasi Watanzania tulikwisha kuonja uchungu wa namna hiyo katika upatu wa DECI, uliokoma mwaka 2009.

Hatusemi kwamba daftari lililo wazi ni dhamana. Laonyesha njia iliyopitiwa na sarafu. Haliuonyeshi moyo wa anayeiuza. Lakini haki yadai kwamba anayeomba fedha ya mnyonge atoe anwani kwanza, nayo ichunguzwe kabla ya senti moja kutoka mfukoni. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wasimpe muuzaji nafasi ya kutangaza pasipo hiyo, na vijana wenye kuzijua simu wawasomee wazee wao kwa uvumilivu. Anayekataa daftari lisifunguliwe amekwisha kutujibu.