Kumwasili Mtoto si Kumfuta Asili

Waswahili walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii imenirudia mara nyingi tangu tulipompokea kwetu Runyenjes, Embu, binti wa marehemu dada yangu aliyekuwa ameolewa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Shughuli za kumwasili zilikuwa ndefu, na siku tulipoishika amri ya mahakama nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Mtoto huyu wa miaka minane alikuja na Kiswahili cha kwao pamoja na Kifaransa kidogo cha shuleni. Alimkuta baba anayezungumza Kiembu, mama anayezungumza Kimeru, na ndugu wawili wanaozichanganya lugha hizo na Kiingereza. Majuma ya mwanzo alikaa kimya mezani. Siku niliyosonga ugali wa muhogo, alioujua tangu kwao, ndipo aliponena bila kuulizwa: "Batoto bote balikula?"

Nakiri kwa aibu kwamba mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, nilimjibu: "Sema watoto wote." Alinyamaza tena. Shuleni nako alisahihishwa mbele ya wenzake, wakacheka, naye akawa hanyoshi mkono darasani.

Je, alikuwa amekosea? Wanaisimu wanajua kwamba "wa-" ya Kiswahili imetokana na "ba-" ya kale. Hata neno "Bantu", alilolitumia Wilhelm Bleek katika karne ya 19 kuziita lugha zetu, limebeba kiambishi hicho. Kiswahili cha Kongo kimekipata kwa kuathiriwa na lugha za huko zilizolihifadhi umbo hilo kongwe. Mtoto hakuiharibu lugha. Aliizungumza kama alivyofundishwa na mama yake. Na kwa yatima, lugha hiyo ndiyo sehemu ya mama iliyobaki. Anayeicheka hajui anacheka nini.

Sisemi kwamba Kiswahili sanifu kisifundishwe. Mtihani utamtaka aandike "watoto", naye hana budi kuandika hivyo. Lakini kumfundisha mtoto umbo la pili si kulifuta la kwanza. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unaagiza katika kifungu cha 20 kwamba mtoto aliyekosa malezi ya wazazi wake anapotafutiwa makao, kuasiliwa kukiwamo, izingatiwe asili yake ya utamaduni na lugha. Agizo hilo halitekelezwi na hakimu pekee. Linatekelezwa mezani wakati wa chakula, na darasani mwalimu anapoita jina.

Walimu wenzangu wa Meru na Embu, Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na yamkini watoto wa namna hii watazidi kubisha hodi katika madarasa yetu. Akija mmoja, mwulizeni kwao husemwaje, kisha mwambieni hapa husemwaje. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akitamka neno msilolizoea, ulizeni kabla ya kucheka.

Jioni hizi nduguze nao husema "batoto" wakiwa mchezoni. Siwasahihishi.