Damu iliyotolewa bure isimwagwe bure

Hapa Kindu, mgonjwa akihitaji damu, mara nyingi jamaa yake ndiyo huombwa kutoa. Lakini mama aliyekimbia vita, mwenye mtoto aliyepungukiwa damu kwa sababu ya malaria, atawapata wapi ndugu wa kumtolea? Tegemeo lake ni mfuko uliopo tayari ndani ya frigo ya hospitali.

Kwa hiyo kila mfuko unaoharibika ni hasara kwa mtoto kama huyo. Damu huwekwa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 6, na kwa kawaida haipiti siku 35. Umeme ukikatika na frigo ikapata joto, hata siku hizo hazifiki. Mfuko ukikaa nje zaidi ya dakika 30, haurudishwi.

Suluhisho si gumu. Mfuko wa zamani utoke kwanza. Daftari lionyeshe kundi na tarehe. Mganga asiombe mifuko mitatu penye haja ya mmoja. Watoa damu nao wasiitwe wote kwa pamoja tarehe 14 Juni, siku yao ya kimataifa, kisha wasahauliwe. Waitwe kidogo kidogo, mwaka mzima. Na frigo ya damu ipate umeme wa jua kabla ya ofisi ya mkubwa yeyote.