Daudi Hakurudi kwa Sauli

Mwandishi wa makala ya juma lililopita anawataka walioumizwa na wachungaji wao wasamehe, wanyamaze, warudi kundini, kwa kuwa mpakwa mafuta wa Bwana haguswi. Shahidi wake ni Daudi pangoni. Haya, tumsome Daudi huyo huyo. Alikataa kumuua Sauli, basi. Upindo wa vazi aliukata, kisha akatoka nje na kumweleza ubaya wake kwa sauti. Na Sauli alipokuja kukiri kosa na kumsihi arudi, hakurudi. Akahamia kwa Wafilisti, tena maadui!

Kunyamaza nako tumekuona. Msitu wa Shakahola, Kilifi, ulifukuliwa miili zaidi ya 400 kuanzia 2023, mingi ya watu waliokufa kwa njaa wakiamini wanakwenda kukutana na Yesu. Mhubiri wao alikuwa ameshashtakiwa mwaka 2017. Waliopiga kelele mapema hawakusikilizwa.

Namjua mama aliyeuza cherehani akapanda mbegu madhabahuni, na muujiza ulipokawia akaambiwa ana dhambi ya siri. Mpaka leo, spika zikianza kujaribiwa Jumapili asubuhi, hufunga madirisha. Anasali jikoni, taratibu, kwa maneno yake mwenyewe. Kwa mwandishi wetu huyu ni mwasi. Mimi naona mgonjwa aliyeanza kupata nafuu. Kama kweli kuna haraka ya upatanisho, mchungaji na atangulie: amwombe radhi mbele ya waumini walewale, na cherehani airudishe.