Asidi ya foliki: Faida iko mashineni, si kwenye kopo

Wafanyabiashara wa nafaka wa Handeni na Korogwe wamezoea kupima soko kwa mambo mawili, mvua na barabara. Mvua ikikatika Handeni, gunia la mahindi linapanda bei. Barabara ya Segera ikipitika vizuri, mzigo unakimbilia Dar es Salaam au Arusha. Safu hii inashauri waongeze jambo la tatu, nalo ni virutubishi, hususan asidi ya foliki.

Kwanza tuelewane juu ya bidhaa yenyewe. Foliki ni vitamini ya jamii ya B ambayo kwa asili hupatikana katika mchicha, maharage, maini na machungwa. Kazi yake mojawapo ni kuusaidia mwili kupitisha kipande kidogo kiitwacho methili, kinachohitajika kutengeneza chembe mpya na damu. Ndugu zake ni kolini, betaini na methionini. Wauzaji wa vyakula vya kuku hawatashangazwa na majina hayo, kwani kolini na methionini huchanganywa katika chakula cha kuku kila siku.

Faida iliyothibitishwa bila ubishi ni moja kubwa. Uti wa mgongo wa mtoto tumboni hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, na wakati huo akina mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Foliki ikipungua, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi. Utafiti ulioongozwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza na kutangazwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa, kwa akina mama waliokwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo, foliki ilipunguza tatizo kujirudia kwa asilimia 72. Mwaka 1998 Marekani ikalazimisha foliki iwekwe katika unga wa nafaka. Tanzania ilitoa kanuni zake za kuongeza virutubishi katika unga na mafuta ya kula mwaka 2011.

Hapo ndipo biashara inapoingia. Mlaji wetu anapenda sembe. Kukoboa huondoa pumba na kiini, na sehemu kubwa ya vitamini huondoka navyo. Mwenye mashine anayerudisha virutubishi hivyo anauza unga bora kuliko jirani yake, na kiasi kinachohitajika ni gramu mia chache tu za mchanganyiko kwa tani moja.

Hata hivyo, faida hiyo isitupofushe. Zipo hatari za kiafya ambazo mfanyabiashara anapaswa kuzijua kabla ya kununua katoni za vidonge ili avirudishe sokoni.

Hatari ya kwanza ni kipimo. Mwanamke anayetarajia kupata mimba anahitaji mikrogramu 400 kwa siku, na mtu mzima hashauriwi kuzidisha mikrogramu 1,000 bila agizo la daktari. Foliki nyingi huweza kuficha upungufu wa vitamini B12: damu inaonekana nzuri huku mishipa ya fahamu ikiharibika.

Hatari ya pili inatuhusu zaidi sisi wa ukanda wa malaria. Foliki ya miligramu 5 au zaidi kwa siku hupunguza nguvu ya SP, dawa wanayopewa wajawazito kujikinga na malaria. Muuza duka anayempa mjamzito kidonge kikubwa kwa nia njema anaweza kuwa anamnyang'anya kinga yake.

Hatari ya tatu tuliiona Pemba. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2006, watoto wadogo waliopewa chuma pamoja na foliki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa kwa ugonjwa mzito. Sehemu hiyo ya majaribio ilisitishwa mwaka 2003. Chuma ndicho kinachoshukiwa zaidi, na kidonge si sawa na kiasi kidogo kilichomo katika ugali. Funzo linabaki palepale: penye malaria, vidonge haviuzwi kama peremende.

Aidha, yapo makopo yanayonadiwa kuwa "yanalinda moyo" kwa kushusha kemikali ya damu iitwayo homosisteini. Majaribio makubwa mawili ya mwaka 2006, moja likifanyika Norway, yalionyesha kuwa vitamini hizi huishusha kweli, lakini mishtuko ya moyo haikupungua. Anayeweka mtaji wake katika madai hayo ananunua maneno.

Turudi kwenye hesabu za mwenye mashine. Mchanganyiko wa virutubishi huagizwa nje, hivyo bei yake hufuata dola. Huharibika kwa jua na unyevu. Zaidi ya hayo, unga wenye virutubishi na usio navyo hufanana machoni, na mshindani asiyeongeza kitu atauza kwa bei ya chini. Shirika la Sanku limejaribu kuziba pengo hilo kwa kuwafungia wasagaji wadogo vifaa vya kupimia na kufidia gharama kupitia mauzo ya mifuko. Njia nyingine ni mikataba na shule za bweni na mashamba ya mkonge, ambako mnunuzi ni mmoja na anaweza kudai vipimo.

Ushauri wetu kwa mwekezaji mdogo ni huu. Fedha yako iende kwenye mashine, kifaa cha kupimia na alama ya TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo yenye dhamana ya chakula. Vidonge waachie zahanati na maduka ya dawa yenye leseni. Foliki kidogo katika ugali wa kila siku humfikia hata mama ambaye bado hajajua kuwa ana mimba, na mama huyo ni mteja atakayerudi kesho. Kopo la foliki linakupa faida ya mara moja, na likimdhuru mteja mmoja, habari zitafika Mkata na Mombo kabla hujamaliza katoni.