Heliamu ya Songwe: Soko lihesabu kinachotoka, si kilichomo

Wafanyabiashara wa Tunduma hawahitaji kufundishwa tofauti kati ya shehena iliyopo na shehena inayopita. Foleni ya malori inaweza kurefuka hadi Mpemba, lakini fedha huingia kwa kadiri ya malori yanayovuka kwenda Nakonde kila siku. Kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa mwaka 2019 hakikukusudiwa kuongeza malori, bali kupanua mlango.

Hesabu hiyo hiyo inahitajika kwa gesi ya heliamu ya Bonde la Rukwa. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza makadirio ya futi za ujazo bilioni 54. Takwimu hiyo ilivuma. Mwaka 2021 kisima cha Tai-1 kilipoonyesha dalili za heliamu bila kutoa gesi ya kuuzwa, hisa za kampuni hiyo katika soko la London zilianguka. Shehena ilikuwa imetangazwa kabla mlango haujapimwa.

Mwamba una sifa mbili. Ya kwanza ni wingi wa vitundu vinavyohifadhi gesi. Ya pili ni upenyevu, yaani wepesi wa gesi au maji kupita humo. Udongo wa mfinyanzi una vitundu vingi lakini ni vidogo mno, hivyo huzuia maji, mchanga huyapitisha. Mwaka 1856 Mfaransa Henry Darcy, kwa kupitisha maji katika mchanga, alionyesha kuwa mtiririko huongezeka kadiri msukumo unavyoongezeka, na hupungua kadiri njia inavyorefuka. Kipimo cha upenyevu, darsi, kimepewa jina lake.

Maabara huweza kusukuma gesi katika kipande cha mwamba na kupima inayotoka. Hata hivyo, kipande hicho hakiwezi kusemea bonde zima, ambako gesi hupita pia katika nyufa. Kwa hiyo kisima chenyewe hufunguliwa, mtiririko na shinikizo vikapimwa, kisha hufungwa. Shinikizo likirudi upesi, mwamba unapitisha vizuri. Likisuasua, mlango ni mwembamba.

Mwaka 2024 kisima cha Itumbula West-1 kilipimwa na gesi yake ikaonekana kuwa na heliamu kiasi cha asilimia 5.5. Ni habari njema. Lakini asilimia hueleza ubora wa mzigo ndani ya lori, haielezi idadi ya malori.

Suala hili linagusa mfuko wa umma. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 bila malipo katika miradi ya uchimbaji yenye leseni. Gawio hutokana na gesi iliyouzwa, na ushuru wa huduma wa halmashauri hutozwa kwenye mauzo, si kwenye makadirio. Ni vyema basi taarifa za kila jaribio zitolewe kwa Kiswahili, zikitaja kiasi kilichotoka kwa siku, kwa siku ngapi mfululizo, na jinsi shinikizo lilivyoshuka.

Hadi hapo, anayepandisha bei ya kiwanja Tunduma kwa kutegemea bilioni 54 aulize kwanza: kwa siku zinatoka ngapi?