Zawadi ya Krismasi iwe chipukizi la mgomba

Ndugu mkulima, Krismasi hii usikope dukani ili umpelekee jirani kreti ya soda. Januari sare, madaftari na mbolea vinakungoja. Hapa Kisiba mvua zimeshakolea. Mpe chipukizi la mgomba. Siku akikata mkungu wa kwanza atakutaja.

Ila chagua: lenye majani membamba kama upanga, kutoka kwenye shina lisilo na ugonjwa. Kata mizizi na uondoe udongo wote huko huko shambani kwako. Ukiona vijishimo vyeusi kwenye tunguu, ni fukusi, usimpelekee mtu. Nimeona shamba likiharibika kwa zawadi ya nia njema.

Nawe mwenye duka usiye na shamba, lita moja ya maziwa kwa jirani mliyegombana kuhusu mpaka inatosha. Ipeleke mwenyewe, usimtume mtoto.